Nusu Inakaa Wapi?

Kwa miaka 38 niliyoshika chaki, kuanzia mwaka 1972 hadi nilipostaafu mwaka 2010, hapana somo lililonishughulisha kama lile la sehemu. Sizungumzii aljebra wala jometri za sekondari, ambazo hazikuwa za daraja langu. Nazungumzia nusu, theluthi, robo na ndugu zao, ambazo watoto hukutana nazo wakiwa darasa la tatu na la nne. Watu wazima wengi hudhani somo hilo ni jepesi, kwa kuwa hata mtoto asiyejua kusoma anajua kuomba nusu ya andazi. Kuomba nusu ya andazi ni jambo moja. Kujua kwamba nusu ni namba, na kwamba ina mahali pake baina ya 0 na 1 kama Vwawa ilivyo na mahali pake baina ya Mbeya na Tunduma, ni jambo jingine kabisa. Katika historia ya shule zetu hilo la pili limepotea na kuonekana tena mara kadhaa, na hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, kwa namna nilivyoiona nikiwa Tunduma, mji uliokuwa wa Mkoa wa Mbeya hadi ulipoundwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016.

Lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili. Watu wa pwani walipokea majina ya sehemu kutoka Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Hayakuwa majina ya mapambo. Katika mirathi ya Kiislamu mjane hupata robo ya mali ya mumewe ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Asiyejua ipi kubwa kati ya robo na thumuni angeweza kudhulumiwa pale pale matangani. Dukani nako kulikuwa na pima, wari, dhiraa na shubiri. Pima ni wari 2, wari ni dhiraa 2, dhiraa ni shubiri 2. Muuza kaniki aliponyoosha mkono wake alikuwa akigawa urefu kwa nusu, na nusu ya nusu, na nusu ya hiyo tena, hata shubiri moja ikawa thumuni ya pima. Nafaka ilipimwa kwa pishi yenye vibaba 4. Wanafunzi wangu wa Tunduma walijua kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini hakuna aliyepata kukiona kibaba chenyewe. Wao walijua debe.

Kwetu huku nyanda za juu majina hayo yalifika pamoja na Kiswahili, na hayakufika yote. Nusu na robo zilikaa, theluthi ilikaa vitabuni, sudusi na tusui zilibaki pwani. Hata hivyo, angalia, msomaji, namna Kiswahili kinavyosema robo tatu. Kinahesabu. Robo moja, robo mbili, robo tatu, kama unavyohesabu mbuzi mmoja, mbuzi wawili, mbuzi watatu. Ukiendelea unapata robo nne, ambayo ni moja kamili, na hakuna kinachokuzuia kusema robo tano. Mtu anayehesabu hivyo tayari anatembea juu ya mstari, hata kama hajauchora. Lakini mwalimu akiandika ubaoni 3 juu, kistari, na 4 chini, darasa zima linasoma "tatu juu ya nne", na hapo hapo namba moja inageuka kuwa mbili, moja imepanda darini na nyingine imelala sakafuni. Tunawafundisha kwamba ya juu huitwa kiasi na ya chini asili, nao wanakariri vizuri sana. Kisha waulize ipi kubwa, 1/3 au 1/8. Wanatazama 3, wanatazama 8, na jibu lao unalijua.

Mimi nilisoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa rula ya inchi. Rula hiyo ilikuwa ya mti, na kila inchi yake ilikuwa na alama ndefu katikati kwa ajili ya nusu, alama fupi kidogo za robo, fupi zaidi za thumuni, na vijialama vya sehemu ya 16. Hakuna aliyetuambia kwamba tumeshika mstari wa namba mkononi. Tulijua tu kwamba robo tatu ya inchi iko hapa, na kwamba robo tatu na sehemu sita za thumuni ni alama ile ile moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 nchi yetu ikahamia vipimo vya meta. Silalamiki, kugawa kwa 10 ni kurahisi kuliko kugawa kwa 12 na kwa 36, na aliyewahi kugeuza yadi, futi na inchi katika hesabu moja hawezi kuzililia. Ila rula mpya ilikuwa na sentimeta na milimita, yaani sehemu za 10 peke yake. Robo haikuwa na alama yake tena. Ili kuiona, mtoto alipaswa kwanza kujua kwamba robo ya sentimeta ni milimita mbili na nusu, na hiyo nusu nayo haikuchorwa.

Mafundi hawakuhama. Hadi leo ukienda duka la vifaa vya ujenzi pale Tunduma unaomba bomba la nusu inchi au la robo tatu, mbao ya mbili kwa nne, misumari ya inchi tatu. Mwanafunzi aliyeshindwa sehemu darasani nilimkuta miaka michache baadaye akiwa fundi bomba, naye anachagua kiungo cha robo tatu bila kutazama mara mbili. Nilimwuliza kama anajua kwamba robo tatu ni kubwa kuliko nusu kwa robo moja. Akanicheka kwa adabu: "Mwalimu, nisipojua hilo maji si yatamwagika?"

Sarafu zilikuwa mwalimu mwingine. Benki Kuu yetu ilipoanza kazi mwaka 1966 ilitoa senti 5, senti 20, senti 50 na shilingi moja yenye mwenge. Mtoto aliyetumwa dukani alijua kwamba ndururu 20, yaani senti tano tano, hufanya shilingi, kwamba zile za mbuni zinahitajika 5, na za sungura 2. Senti 50 iliitwa sumni, jina linalotokana na thumuni, ingawa ilikuwa nusu ya shilingi na wala si sehemu yake ya nane. Majina ya fedha hubaki hata fedha zenyewe zikibadilika, na mwalimu wa hesabu hana budi kuvumilia.

Niliingia chuo cha ualimu mwaka 1970. Miaka mitatu nyuma yake kulikuwa na Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, na serikali ilikuwa imeamua kwamba masomo yote ya shule za msingi yafundishwe kwa Kiswahili. Walimu wakongwe waliofundisha hesabu kwa Kiingereza walikuwa wanatafuta maneno. Wakati huo huo ilifika hisabati mpya. Mwaka 1962 wataalamu kutoka nchi kadhaa za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule zetu, na mawazo yao yaliingia vyuoni kwetu kidogo kidogo. Kulikuwa na seti, miungano ya seti, makutano ya seti na alama ambazo sisi wanachuo tulizichora kwa unyenyekevu bila kujua zingemfaa nini mtoto wa mkulima wa mahindi. Sehemu kubwa ya mambo hayo iliachwa baadaye, na sikuisikitikia. Lakini katika pepeto lile la makapi mlikuwa na punje moja nzuri: mstari wa namba. Mkufunzi wetu alichora mstari mmoja ubaoni kutoka ukuta hadi ukuta, akaweka 0, 1, 2 na 3 kwa nafasi zilizo sawa, kisha akatupa chaki akasema tuweke robo tatu, robo tano na theluthi saba. Tulikuwa wanaume na wanawake wazima 30 na zaidi. Waliofika ubaoni kwa ujasiri walikuwa watatu.

Nimesoma baadaye kwamba mstari huo ni mchanga ukiulinganisha na sehemu zenyewe. Kugawa vipande ni kazi ya kale sana, tena ya Afrika: yapo mafunjo ya Misri ya miaka kama 3,500 iliyopita, ambayo sasa yako katika jumba la makumbusho la London, na hesabu zake za mwanzo ni za kugawa mikate kwa watu 10. Wamisri waliandika karibu sehemu zote kwa kujumlisha zile zenye kiasi cha 1, kama nusu na robo kwa pamoja badala ya robo tatu, na theluthi mbili peke yake ndiyo iliyopewa alama yake. Mstari wa kutembea juu yake ulikuja karne nyingi sana baadaye. Mwingereza John Wallis, katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1685, alieleza namba kwa mfano wa mtu anayekwenda mbele yadi kadhaa na kurudi nyuma. Tangu mkate hadi njia ni zaidi ya miaka 3,000. Sishangai kwamba mtoto wa miaka tisa hawezi kuvuka umbali huo kwa kipindi cha dakika 40.

Basi nikapangiwa Tunduma. Wakati huo reli ya Tanzania na Zambia ilikuwa inajengwa kwa msaada wa Wachina. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, na kufikia Agosti 1973 njia ya chuma iliwasili kwetu mpakani ikavuka kuingia Nakonde. Hakuna mtoto aliyekaa darasani siku zile kwa moyo wake wote. Walijua majina ya mashine, walijua kusalimia Kichina, walijua kila tuta lililochimbwa. Nikaona kwamba njia iliyotakiwa na somo langu imepita mbele ya shule.

Nilichora mstari ubaoni. Mwanzo wake niliandika 0 na Dar es Salaam. Mwisho wake niliandika 1 na Kapiri Mposhi. Nikawaambia: reli nzima ni moja, na urefu wake ni kilomita 1,860. Tunduma iko wapi? Mtoto wa kwanza akaiweka kwenye 1. Wa pili akaisogeza nyuma upana wa kidole. Wa tatu akarudi pale pale kwenye 1, akaandika kwa herufi kubwa. Walikuwa na sababu yao: kwa mtoto wa Tunduma, Tunduma ni mwisho wa nchi, na mbele yake kuna fedha nyingine na askari wengine. Tukafanya hesabu. Nusu ya 1,860 ni 930. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani ni kama kilomita 975. Kwa hiyo Tunduma imeipita nusu kwa kilomita 45 tu. Nusu yenyewe iko nyuma yetu, baina ya Mbeya na Tunduma. Robo, yaani kilomita 465, iko kule bonde la Kilombero, na robo tatu, kilomita 1,395, iko ndani kabisa ya Zambia. Darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja akasema: "Kumbe wenzetu nao wana nchi kubwa hivyo!" Sikuwa nimekusudia kufundisha jiografia siku hiyo, lakini sikumkatiza.

Niseme jambo dogo kuhusu reli hiyo, maana lilinifurahisha. Wachina walipima kila kitu kwa meta, lakini upana baina ya reli mbili ni milimita 1,067. Namba hiyo inaonekana kama imeokotwa tu, mpaka uigeuze kwa vipimo vya zamani: ni futi 3 na nusu, kipimo cha reli nyingi za kusini mwa Afrika, ambazo reli yetu ilipaswa kuungana nazo. Nusu futi ilivuka mpaka pamoja na treni.

Mstari wa ubaoni haukutosha. Nilichukua kamba ya katani, nikaifunga baina ya mlingoti wa bendera na mkaratusi, na vitambaa vya rangi kwa ajili ya kuweka alama. Hapo ndipo nilipoona watoto wanavyofikiri. Nilifunga 0 mlingotini na 4 mkaratusini, nikamwambia mvulana aweke nusu. Alitembea moja kwa moja hadi katikati ya kamba, penye 2, akafunga kitambaa. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa kwamba nusu ni kukata kitu kizima katikati, na kitu kizima alichokiona ni kamba. Nikamwuliza: "Umepita moja?" Akasema amepita. "Nusu ni kubwa kuliko moja?" Akatazama mguu wake, akatazama kitambaa, akarudi nyuma polepole hadi baina ya 0 na 1. Swali la nusu ya nini, ambalo katika chungwa halijitokezi kwa sababu chungwa ni moja tu, lilikuwa limejibiwa na miguu yake.

Kosa jingine lilikuwa la kuhesabu alama badala ya nafasi. Ukimwambia mtoto agawe baina ya 0 na 1 katika robo, anaweka alama nne, naye anapata nafasi tano. Ni kosa lile lile la mtu anayenunua nguzo za uzio bila kukumbuka kwamba nafasi nne zinahitaji nguzo tano. Watoto wa mpakani walilielewa upesi kwa mfano huo, kwa kuwa waliziona nguzo za mpaka. Mpaka wenyewe ulipatanwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, na tume yao ikaja kuupima kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwaka 1898. Nguzo ni alama. Nchi iko baina yake.

Nusu na robo zilipatikana kwa kukunja kamba. Theluthi ilitutoa jasho. Kamba haikubali kukunjwa mara tatu kwa urahisi. Unakunja, upande mmoja unazidi, unasogeza, mwingine unapungua. Niliwaacha wahangaike. Walipoipata wenyewe, waliifunga kitambaa chekundu, na wakagundua jambo ambalo ningelisema mimi lisingewaingia: kwamba theluthi iko karibu zaidi na 0 kuliko nusu, robo iko karibu zaidi bado, na kwamba asili inavyokua ndivyo hatua inavyofupika. Baada ya hapo sikusikia tena katika darasa lile kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/3.

Kisha ukaja mwaka 1977. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe, nasi tukawaandikisha. Jambo lile lilikuwa kubwa na la haki, na sitaki mtu asome humu lawama juu yake. Wapo watu wazima mkoani kwetu wasiojua kwamba bila mwaka ule wasingelijua kuandika majina yao. Madarasa yaliongezeka kuliko walimu. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha huku wakijifunza ualimu vijijini, kwa masomo ya posta, ya redio na mkufunzi wa kuwatembelea. Nililea kadhaa wao. Walikuwa na bidii ya ajabu na madarasa ya watoto wengi mno, wengine wakisoma asubuhi na wengine mchana chini ya paa lile lile. Katika hali hiyo kamba ya katani ilikufa. Inahitaji uwanja, utulivu, na mwalimu asiyeogopa swali. Chungwa halihitaji hayo. Unachora duara, unalikata mara nne, unapaka rangi vipande vitatu, unaandika 3/4, na watoto 80 wananakili.

Sina ugomvi na chungwa. Ni mwanzo mzuri, na Wamisri waliridhika na mkate. Ugomvi wangu ni kuishia hapo. Mtoto aliyelelewa na chungwa peke yake ukimwambia robo tano, anakujibu kwamba chungwa moja haliwezi kutoa robo tano, na amesema kweli. Ukimwambia ajumlishe nusu na theluthi, anajumlisha vya juu na vya chini na kupata mbili juu ya tano, wala haoni ajabu kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Angekuwa na mstari angeona kwamba amekwenda mbele na kujikuta nyuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, jioni moja, mama kijana alibisha hodi kwangu akiwa na mtoto mgongoni na bahasha ndogo ya dawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana nini?"

"Homa. Wamenipa vidonge, lakini maandishi yananichanganya."

Juu ya bahasha palikuwa pameandikwa ½ × 3. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Alijua kusoma na kuandika barua nzuri. Aliisoma bahasha ile hivi: moja, halafu mbili, mara tatu. Kwa hiyo alidhani ampe mtoto kidonge kimoja kwanza, kisha viwili, na afanye hivyo mara tatu kwa siku. Kilichomleta kwangu ni kwamba vidonge vilikuwa vichache, navyo visingetosha hata siku moja. Nilichukua wembe, nikakata kidonge katikati mbele yake. Akashika kipande kimoja, akakitazama muda mrefu. "Kumbe ni nusu," akasema. "Wangeandika nusu."

Nimelifikiria neno lake hilo miaka mingi. Nusu aliijua tangu utotoni. Asichokijua ni kwamba ile moja juu ya mbili ni nusu hiyo hiyo, namba moja, ndogo kuliko kidonge kizima. Alama zile kwake zilikuwa namba mbili za kuhesabia, na vidonge vingeisha kabla ya homa.

Baada ya hapo zikaja dhoruba za bei. Ndururu, mbuni na sumni zilianza kukosa kazi, na kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimetoweka mifukoni. Watoto wa leo hutajiwa senti katika vitabu vya hesabu, lakini hawajapata kununua kitu kwa senti. Shilingi, ambayo zamani ilikuwa na sehemu ndani yake, sasa ndiyo yenyewe haionekani, na sarafu ndogo walizonazo ni za hamsini na mia. Hivyo katika maisha yangu niliona pishi ikiondoka, inchi ikiondoka shuleni, senti ikiondoka, na kila kimoja kiliondoka na ngazi yake ya kupandia.

Zambia walipata bahati tofauti. Kwacha yao ya mwaka 1968 ilikuwa na ngwee 100, nazo ngwee zilimezwa na bei kama senti zetu. Lakini tarehe 1 Januari 2013 walifuta sifuri tatu, kwacha 1,000 za zamani zikawa 1 mpya, na ngwee 5, 10 na 50 zikarudi mikononi. Nilikuwa nimestaafu tayari. Nilisimama sokoni nikawaona watoto wa Tunduma wanaouza karanga na maji kwa watu wa Nakonde wakijifunza ndani ya wiki chache kwamba ngwee 50 ni nusu, kwamba mbili ni kwacha moja, na kwamba mteja anayetoa ngwee 50 na kudai chenji ya kwacha ni mwizi. Hakuna aliyewachorea chungwa. Walihesabu hatua.

Walimu vijana hunitembelea mara moja moja. Wana simu zenye picha nzuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kukigusa. Huwaambia watafute kamba kwanza, picha baadaye, na waanze na robo, waihesabu kwa sauti: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, na wasisimame hapo kwenye nne. Waendelee hadi robo tisa, na mtoto awe anatembea. Wasikimbilie KDS kabla mtoto hajajua namba anazozitafutia hicho kigawe zinakaa wapi. Baadhi yao husikiliza. Wengine hunitazama kwa heshima, wakanywa chai, wakaenda zao. Mtihani wa darasa la saba una maswali ya kuchagua herufi, na herufi haitembei juu ya kamba.

Mwaka 2019 mmoja wao alinialika darasani kwake, darasa la tano, watoto zaidi ya 90. Alikuwa amefunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Aliuliza kama kuna namba yoyote baina ya nusu na robo tatu. Wengi walisema hakuna, kwa kuwa baada ya robo mbili inafuata robo tatu. Msichana wa mstari wa nyuma akasimama, akaja, akashika kamba penye nusu kwa mkono mmoja na penye robo tatu kwa mwingine, akaikunja, akafunga kitambaa. Wakahesabu hatua za thumuni kutoka mwanzo: tano. Thumuni tano. Mvulana mmoja akauliza kama kuna nyingine baina ya hiyo na robo tatu. Akakunja tena. "Mwalimu, zinaisha lini?" akauliza mwingine, na mwalimu akanitazama mimi. Nami nikatazama dirishani. Kengele ya mapumziko ililia wakiwa wamezunguka kamba, wanabishana kama kile kitambaa cha mwisho ni 11/16 au la, na hakuna aliyetoka.